Benchi la Waulizaji

Daktari wa kifua hakumung'unya maneno. Aliishika picha ya mapafu mbele ya dirisha ili mwanga upite, akaonyesha kwa kalamu mahali palipofanya weupe kama kioo kilichopumuliwa, akasema, "Mama, wewe na mvuke mmefika mwisho wa safari. Tafuta kazi nyingine. Ukikaa nao mwaka mmoja zaidi, sitakuwa na la kukusaidia."

Mama Pasi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei ya kitu ambacho hakukusudia kukinunua. Kisha akarudi chumba cha kufulia cha hospitali ileile, akawasha pasi ya mvuke, akamalizia shuka thelathini na mbili za wodi ya wazazi. Shuka hazijui habari za daktari.

Jina alilopewa na wazazi wake hakuna aliyelitumia pale kazini. Miaka kumi na minne alikuwa amesimama mbele ya pasi hiyo, mpaka wauguzi wapya wakawa wanapewa jina la Mama Pasi siku ya kwanza, pamoja na funguo za kabati. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye viganja vikubwa kuliko mwili wake, na alikuwa na tabia ya kukunja kila kilichomfikia mkononi: gazeti, cheti cha dawa, hata leso ya mtu asiyemjua. Mumewe, ambaye alikuwa fundi viatu, alisema ipo siku atamkunja yeye pande nne amweke kabatini.

Jioni ile alimweleza mumewe maneno ya daktari. Mume hakuinua macho kwenye soli aliyokuwa akiigonga, lakini nyundo ilipoteza mwendo wake.

"Basi acha kazi, mama watoto. Upumzike."

"Humu ndani mpumzikaji mmoja anatosha."

"Mimi? Hii nyundo inajigonga yenyewe?"

"Nakutania. Lakini siachi kazi. Naacha mvuke."

Mume aliweka nyundo chini akamtazama. Aliijua sauti hiyo. Mkewe akisema hivyo, hata ng'ombe angehama njia.

Kulikuwa na jambo ambalo Mama Pasi alikuwa amelisoma ubaoni siku hiyohiyo, nje ya ofisi ya matroni, yule mkuu wa wauguzi. Karani wa dirisha la mapokezi angestaafu baada ya miezi mitano. Wafanyakazi wa ndani wangesailiwa kwanza. Sharti lilikuwa moja tu: kuzungumza Kiingereza, maana hospitali ile ilipokea wagonjwa wa kila lugha, na nusu ya madaktari walikuwa wageni. Dirisha la mapokezi lilikuwa na kiti, feni, na hewa ya mlango mkubwa. Mvuke hakuna.

Kiingereza chenyewe Mama Pasi alikuwa amekiacha darasa la saba. Alichobakiwa nacho ni salamu na siku za juma, na Jumatano ilimpiga chenga. Akajiandikisha darasa la wafanyakazi.

Darasa hilo lilikuwa mara mbili kwa wiki, saa tisa na nusu alasiri, katika stoo ya zamani ya vitanda. Chumba kilikuwa chembamba kama ushoroba. Mabenchi mawili marefu yaliegemea kuta, yakatazamana: moja upande wa mlango, jingine upande wa dirisha. Katikati palibaki njia ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mwalimu, mzee mstaafu wa shule ya msingi, mrefu, miwani yake imefungwa kwa uzi, chaki kwenye mfuko wa shati. Alikuwa na kitabu kimoja cha mazungumzo, na utaratibu mmoja. Benchi la mlangoni liliuliza. Benchi la dirishani lilijibu. Kila mtu alikuwa na mwenzake wa kutazamana naye, na wawili hao wakayakariri mazungumzo yote ya kitabu, ukurasa kwa ukurasa. Kubadilishana nafasi hakukuwako. Mwalimu alisema kunapoteza muda na kunavuruga sikio.

Mama Pasi alitoka kazini saa tisa na nusu hiyohiyo, kwa hiyo alifika wa mwisho kila siku, akakaa mwisho wa benchi la mlangoni. Mwenzake wa dirishani alikuwa mlinzi wa geti, mtu wa makamo mwenye masharubu, ambaye wote walimwita Kamanda ingawa hakuwahi kumwamuru mtu zaidi ya kusema "kaa foleni."

Kwa miezi minne na zaidi Mama Pasi aliuliza. Aliuliza darasani, na kesho yake aliuliza mbele ya pasi, shuka moja swali moja. Unaitwa nani? Anakunja. Unatoka wapi? Anakunja. Una watoto wangapi? Foronya. Mwanamke wa mashine za kufulia, jirani yake wa kazi, alimpachika jina Mzungu wa Mvuke.

"Mzungu wa Mvuke, nisukumie kikapu hicho."

Mama Pasi alimuuliza kwa Kiingereza kama kikapu ni chake.

"Sijui umesema nini, ila naona umenitukana."

Mwalimu alimsifu mbele ya wote. Matamshi safi, alisema, hasiti, hamezi mwisho wa neno. Kamanda naye alisifiwa, alijibu kama saa ya ukutani. Siku ya usaili ilipofika, Mama Pasi alivaa gauni alilolipiga pasi mara mbili, akaingia ofisini bila kutetemeka.

Mezani walikaa watatu: matroni, ofisa utumishi, na daktari mmoja mgeni mwenye ndevu nyekundu. Matroni akamkaribisha, akauliza kwa Kiingereza anaitwa nani na anafanya kazi sehemu gani.

Mama Pasi alimwelewa neno kwa neno. Alifungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa, kwa Kiingereza safi kabisa, "Na wewe unatoka wapi?"

Matroni akatabasamu, akadhani ni mzaha wa kuondoa woga. Ofisa utumishi akajaribu: amefanya kazi hapa miaka mingapi? Mama Pasi aliliona jibu, kumi na minne, limekaa pale kichwani kama shuka iliyokunjwa tayari. Akalinyooshea mkono. Ulimi ukapita pembeni.

"Una watoto wangapi?" akamuuliza.

"Watatu," akajibu ofisa utumishi, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye adabu.

"Wanasoma wapi?"

Akamwambia. Mama Pasi akamuuliza wanapenda michezo gani. Akamwambia hilo pia. Daktari wa ndevu nyekundu aliinamia karatasi yake, mabega yakimtikisika. Kwa dakika nne nzima Mama Pasi alimsaili ofisa utumishi, wala hakuna aliyejua namna ya kumsimamisha, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kutojua.

Hatimaye matroni akafunga faili. "Mama Pasi," alisema kwa Kiswahili, "unauliza vizuri kuliko mimi. Lakini pale dirishani mgonjwa ndiye anayeuliza. Wewe kazi yako ni kujibu." Akafikiri kidogo. "Waliokutangulia nao hawakufaa. Karani ana wiki tatu bado. Baada ya hapo nitakuita mara moja ya mwisho, kisha natangaza nafasi nje."

Mama Pasi alitoka, akaenda mpaka ukutani, akasimama. Hakulia. Alikohoa, kikohozi kile kikavu cha chumba cha kufulia, akasubiri kiishe. Kisha akafuata njia ya geti.

"Kamanda," alisema, "niulize kitu kwa Kiingereza."

Kamanda alinyoosha kofia, akavuta pumzi. "Mimi mzima, ahsante," akasema kwa Kiingereza.

"Nimesema niulize."

"Nina miaka hamsini na miwili."

"Kamanda."

"Ndiyo, ninapenda sana mpira wa miguu." Akafunga mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka. "Shemeji, tumelogwa."

"Hakuna aliyetuloga," alisema Mama Pasi. "Tumekalishwa."

Siku ya darasa aliomba ruhusa ya robo saa, akafika wa kwanza. Akakaa upande wa dirisha. Watu waliingia mmoja mmoja, wakamwona, wakasita mlangoni kana kwamba chumba kimegeuzwa. Mwalimu aliingia mwisho.

"Mama, nafasi yako ile kule."

"Leo nakaa hapa, mwalimu."

"Hapo wanajibu."

"Ndicho nilichokifuata."

Mwalimu alishusha miwani. "Miaka ishirini na minane nimefundisha hivi."

"Sibishani na miaka yako, baba," alisema Mama Pasi, na sauti yake ilikuwa ya heshima, lakini makalio hayakusogea. "Ila mimi nina wiki tatu."

Akasimulia usaili wote, bila kujificha. Alipofika kwenye watoto watatu wa ofisa utumishi na michezo wanayoipenda, darasa lilicheka mpaka mpishi wa jiko la hospitali, mtu mkubwa wa benchi la dirishani, akajifuta machozi kwa aproni. Mwalimu hakucheka.

"Wewe unayecheka," alimwambia mpishi, "simama. Muulize mwenzako anatoka wapi."

Mpishi alisimama. Akamtazama mwenzake, akatazama dari. "Mimi ninatoka," alianza kwa Kiingereza, akaishia hapo, akakaa.

Mwalimu alimjaribu wa pili na wa tatu. Kisha akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Mtu mzima akigundua jambo mbele ya watu huwa anatafuta kitu cha kushika.

"Badilishaneni," akasema.

Wakabadilishana. Vipindi viwili vilipita hivyo, waliokuwa wakijibu wakiuliza, waliokuwa wakiuliza wakijibu, na mwalimu akaanza kurudiwa na tabasamu. Mama Pasi peke yake hakuridhika. Kamanda alimuuliza ana miaka mingapi, naye akajibu hamsini na miwili, kwa sababu kitabu kilisema hivyo. Yeye alikuwa na arobaini na mmoja. Usiku ule alimwambia mumewe, "Tumehamisha kabati tu. Nguo zilizomo ni zilezile."

"Kwani tatizo liko wapi?"

"Kila mtu anajua jibu kabla ya swali. Wewe unaweza kuniuliza ninaitwa nani?"

"Nikikuuliza utaniita mlevi."

"Ndiyo hivyo."

Zilibaki siku kumi na mbili. Kipindi kilichofuata Mama Pasi alikuja na foronya nene ya wodini, mdomo umefungwa fundo. Akaomba, kabla ya kitabu, apewe dakika ishirini tu.

"Humu mna kitu," alisema. "Ninakijua mimi peke yangu. Niulizeni kwa Kiingereza mpaka mkijue. Kiswahili marufuku, na kitabu mkikalie."

Foronya ikakaa magotini mwake. Halafu mpishi, kwa kuwa alikuwa mpishi, akajikokota na kuuliza kama kitu hicho kinaliwa.

"Hapana," akajibu Mama Pasi. Hilo lilikuwa jibu lake la kwanza ambalo halikuwa la kitabu, na lilikuwa neno moja. Akatafuta la pili. "Ukila, utakufa."

Wakacheka, na kicheko kikafungua mabomba. Kikubwa? Si kikubwa sana. Ni cha hospitali? Hapana, ni cha nyumbani kwangu. Cha mwanamume? Cha mume wangu. Hapo Kamanda aliuliza jambo ambalo liliwafanya wauguzi wasaidizi wawili wafunike nyuso, na Mama Pasi akamwambia, kwa Kiingereza kilichopinda lakini kilichofika, kwamba aulize maswali ya mtu mwenye wajukuu. Jasho lilimtoka kama yuko mbele ya pasi. Maneno mengine aliyakosa, akazunguka: kwa neno nywele alivuta nywele zake, kwa neno viatu akaeleza vitu vya kuvaa miguuni ambavyo si soksi.

Mwalimu alikuwa anamsahihisha kila baada ya maneno matatu. Mara ya tano Mama Pasi aligeuka. "Mwalimu, makosa yangu yaandike. Utanipa yote mwishoni, nitayapokea kwa mikono miwili. Lakini ukinikata katikati nakuwa kama uzi, naanza tena kutafuta ncha."

Mwalimu alitazama chaki yake. Akaenda kukaa mwisho wa benchi la mlangoni, mahali pa Mama Pasi pa zamani, akatoa kalamu. Ilichukua dakika thelathini na tano wakajua ni brashi ya viatu. Orodha ya makosa ilijaza karatasi pande mbili.

Kipindi kilichofuata ni mwalimu mwenyewe aliyekuja na jipya, na alijitahidi kuonekana kama lilikuwa ratiba. Alikuwa amechora ramani ya hospitali, nakala mbili. Moja ilikuwa na majina ya vyumba, nyingine ilikuwa na vyumba vitupu. Wawili wawili wakakaa mgongo kwa mgongo. Mwenye majina amwelekeze mwenzake, na asiyeelewa aulize. Kamanda alimwongoza Mama Pasi kutoka getini kwenda dirisha la dawa.

"Umefika dirisha la dawa?" aliuliza Kamanda.

Mama Pasi alitazama mahali kalamu yake iliposimama, kisha akageuka kuchungulia ramani ya majina. "Kamanda, umenipeleka mochwari."

"Basi usiguse kitu. Nakuja kukutoa."

Nyumbani mumewe akawa mgonjwa. Hakujua neno la Kiingereza, lakini alikaa nyuma ya meza yake ya viatu, akashika tumbo, akatoa sauti za puani za lugha aliyoitunga yeye. Mama Pasi alimjibu kwa Kiingereza, akamwomba arudie polepole, akamuuliza inauma wapi. Watoto walicheka mpaka wakakwama. Yeye hakucheka. Mgonjwa wa kweli naye hasemi vizuri, alisema, maumivu hayana matamshi. Na asubuhi, mbele ya pasi, aliacha kujiuliza maswali ya kitabu. Alimweleza mzungu wa hewani, asiyekuwapo, jinsi shuka inavyokunjwa, kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho, huku mwanamke wa mashine akitikisa kichwa.

"Jirani, utachanganyikiwa bure."

"Maji nimeshayavulia nguo."

"Nguo za wodi nzima," alisema yule mwanamke, lakini siku hiyo alimsukumia kikapu bila kuombwa.

Siku ya usaili wa mwisho matroni hakumwita ofisini. Alimpeleka moja kwa moja dirisha la mapokezi, saa mbili asubuhi, foleni ikiwa imefika mlangoni. Karani mzee alisogeza kiti kando. "Utakaa mpaka saa nne," alisema matroni. "Karani hatasema kitu. Sisi tuko pale kwenye benchi."

Wa kwanza alisema Kiswahili, wa pili pia, na Mama Pasi akaanza kuona moyo wake ukirudi mahali pake. Wa tatu alikuwa mzee mgeni, kofia mkononi, aliyemwaga Kiingereza kama mtu aliyefungulia bomba akasahau. Mama Pasi alishika neno "mke" na neno "jana." Karani alifungua mdomo. Matroni, kule kwenye benchi, akainua kidole, na karani akaufunga.

"Polepole, tafadhali," alisema Mama Pasi. "Mke wako aliletwa jana?"

Jana jioni.

"Kwa nini aliletwa?"

Mzee alitaja neno ambalo halikuwa kwenye kitabu, wala kwenye foronya, wala kwenye ramani. Zamani Mama Pasi angeuliza swali lililofuata kwenye ukurasa. Kamanda wa zamani angejibu kuwa ni mzima. Mama Pasi aliweka viganja vyake mezani.

"Neno hilo silijui," alimwambia. "Nionyeshe."

Mzee akagusa nyonga yake, akafanya kwa mikono kitu kinachovunjika. Mama Pasi akapitisha kidole kwenye daftari la waliolazwa. Akampata mke. Akamweleza njia: mlango wa kushoto, pita chumba cha picha, wodi ya pili, amwone muuguzi wa zamu, asiingie na kofia wala asikae kitandani, shuka zake ni safi. Kipande cha mwisho hakikuwa na ulazima, lakini alikisema, na sarufi yake ilichechemea njia nzima. Mzee alirudia njia kwa sauti. Alikuwa ameielewa.

Saa mbili zile walikuja wasemaji wa Kiingereza kumi na mmoja. Tisa walifika walikokwenda. Mmoja alikasirika akaondoka. Mmoja, kijana mwenye shavu lililovimba, alitaka daktari wa meno, na Mama Pasi alimwelekeza chumba cha macho.

Aligundua kosa wakati kijana ameshapotelea kwenye ushoroba. Palikuwa na watu kumi na wanane kwenye foleni, na waamuzi watatu kwenye benchi. Angeweza kunyamaza, kwa kuwa hata karani hakuwa ameona. Alisimama.

"Samahani, jamani, nipeni dakika mbili. Nimempoteza mtu."

"Foleni je?" mtu akanung'unika.

"Wewe ungekuwa ndiye umepotezwa?"

Alikwenda, bila kukimbia maana kifua kisingeruhusu, akamkuta kijana amesimama mbele ya ubao wa herufi za macho, mkono shavuni. Akamwambia kwa Kiingereza kwamba kosa ni lake, si la kijana, na akampeleka mwenyewe mpaka mlango wa meno. Njiani kijana alimuuliza kama kung'oa kunauma. Akamjibu kwamba yeye alishang'olewa mawili, kunauma kidogo, na hapo akakosa neno la ganzi, akalipiga kofi shavu lake mwenyewe kuonyesha halisikii kitu. Kijana akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Aliporudi, matroni alikuwa amesimama kando ya dirisha, na ofisa utumishi nyuma yake.

"Umekosea," alisema matroni.

"Nimekosea moja ninalolijua," alijibu Mama Pasi. "Yule aliyeondoka amekasirika, sijui kama lilikuwa kosa langu au la hasira zake mwenyewe."

Ofisa utumishi alikohoa kuficha kicheko. Matroni aliangalia foleni, akaangalia kiti.

"Miezi mitatu ya majaribio," alisema. "Darasa huachi. Barua utaichukua mchana."

"Ninaanza lini?"

"Kwani saa ngapi sasa?"

Saa ya ukutani ilisema saa nne kasoro dakika saba. Kulikuwa na watu ishirini na mmoja sasa, kwa kuwa alikuwa amewachelewesha. Mama Pasi alikaa, akalisogeza daftari karibu, akawaambia kwa lugha zote mbili kwamba wasamehe, na kwamba anayefuata aje.